Kwenda na Kusi, Kurudi na Kaskazi: Faida za Kijana Kuishi Nje ya Nchi

Hotuba ya wanachama waliowahi kuishi nje, iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, viongozi wetu wa kata, wanachama wenzetu mliotoka Tanga mjini, Dar es Salaam na kwingineko, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma,

 

Tunaushukuru uongozi kwa kutupa nafasi hii. Tunaosema leo ni wanachama tuliowahi kuishi nje ya nchi tukiwa vijana, na baadhi yetu bado tuko huko. Anayesoma ni mmoja, ila maneno ni ya wote. Tumeyajadili kwa simu wiki kadhaa, wengine wakiwa Muscat, wengine Uingereza, na wengine tumesharudi, tunavua na kulima hapa hapa.

Katika mkutano wa mwaka jana mama yetu mmoja alisimama akauliza: "Nyinyi mliokwenda huko, mnatuambia watoto wetu waende au wasiende?" Ukumbi ulicheka kidogo, kisha ukanyamaza. Hakuna aliyemjibu sawasawa. Wengine walisema riziki anajua Mungu, wengine wakasema dunia imebadilika. Mama akakaa. Tulijiona tumemkosea, maana swali lile lilikuwa la haki na lilikuwa letu kulijibu. Mwanawe alikuwa na miaka 22 na alikuwa ameanza kuzungumza na dalali. Leo tumekuja kumjibu.

Safari si jambo geni kwetu

Wapo wanaosema kutaka kwenda nje ni tamaa ya vijana wa leo, imeletwa na simu. Tunawaomba waende wakatazame pale magofuni. Kuna msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, na watafiti husema ni vigumu kupata mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi kama hapa kwetu. Mji ule ulistawi katika karne za 14 na 15. Makaburi yale yalipambwa kwa vyombo vya kauri vilivyotoka ng'ambo. Bakuli la Kichina haliogelei. Likifika Tongoni, ujue kuna watu waliosafiri, na kuna watu wa hapa waliojua kufanya nao biashara.

Wazee wetu walisafiri kwa pepo mbili. Kusi ilipovuma, vyombo vilikwenda kaskazini mpaka Arabuni. Kaskazi ilipovuma, vilirudi. Aliyekwenda alijua kwamba lazima akae kule miezi kadhaa akingojea upepo ugeuke, na katika miezi hiyo alifanya kazi, alijifunza lugha, alijua bei. Upepo ulipogeuka, ulimleta nyumbani. Wale nao wa upande wa pili walikaa kwetu hivyo hivyo. Kwa hiyo kuishi nje kwa msimu ni mila ya pwani hii tangu zamani.

Mwezi Aprili 1498, meli ya msafara wa Vasco da Gama iliyoitwa São Rafael ilikwama kwenye miamba ya pwani yetu. Shajara ya safari ile inaeleza kwamba wenyeji walifika kwa vyombo vyao, kimoja kikiwa kimejaa machungwa, na Wareno wakakiri ni bora kuliko machungwa ya kwao. Wenyeji wawili walibaki melini wakaenda nao mpaka Mombasa. Mwanzoni mwa 1499, wakati wa kurudi, meli hiyo hiyo ilichomwa moto karibu na Mtangata, kama kulivyoitwa huku wakati ule, kwa sababu mabaharia walikuwa wamekufa wengi, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Sanamu ya mbao iliyookolewa kutoka meli ile iko mpaka leo katika jumba la makumbusho ya bahari mjini Lisbon. Kijana wa Tongoni akifika kule, kuna kitu kilichopita mbele ya kijiji chake kinamngoja.

Tuseme pia juu ya jina letu. Tongo ni mahali palipohamwa. Tongoni ni kwenye matongo. Lakini masimulizi yanasema kwamba baadaye walikuja watu kutoka Kilwa, wakaishi hapa kwa muda, wakapaita Sitahabu, kwa maana ya kwamba hapa ni bora kuliko kule. Basi mahali petu pana majina mawili: moja la watu walioondoka, jingine la watu waliofika wakapapenda. Swali la mama yetu liko katikati ya majina hayo. Anaogopa mwanawe akienda atamwachia tongo.

Kwa nini ujanani

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Tuna sababu tatu za kusema kwamba mwenye nia ya kuishi nje aende akiwa kijana.

Ya kwanza ni ulimi. Aliyefika Oman akiwa na miaka 20 alikuwa anaongea Kiarabu cha sokoni kabla mwaka haujaisha. Mwenzetu aliyekwenda na miaka 43 mpaka leo anaonyesha kwa kidole.

Ya pili ni kuweza kuanzia chini. Kazi ya kwanza ya karibu kila mmoja wetu ilikuwa ile ambayo hapa nyumbani tusingekubali jirani atuone tukiifanya. Tumeosha masufuria ya hoteli. Tumefagia maghala. Wenzetu wa Ulaya wanaita kubeba boksi, na kweli wamebeba maboksi. Kijana hula aibu hiyo akacheka, kwa kuwa hana watoto wanaomtazama wala cheo cha kulinda. Mtu mzima aliyekuwa mwalimu au karani huumia mpaka moyoni, na wengine hawapoi.

Ya tatu ni kwamba anayekwenda mapema ana muda wa kurudi na kukitumia alichokipata. Ukirudi na miaka 30, bado una nguvu za kujenga. Ukirudi na miaka 65, umerudi kupumzika, na hilo si baya, lakini kijiji kimepata mzee, hakikupata fundi.

Mifano ipo. Martin Kayamba, Mbondei wa mkoa huu wetu, aliyezaliwa mwaka 1891, alifanya kazi Kenya na Uganda akiwa kijana. Aliporudi huku na kuwa karani mkubwa wa serikali, mwaka 1922 alianzisha pale Tanga mjini chama cha watumishi wa serikali Waafrika, moja ya mizizi ya siasa za nchi hii. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, kisha akaandika kitabu kwa Kiswahili ili watu wa kwao wajue alichokiona. Mwalimu Nyerere naye alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa na miaka 27, akamaliza mwaka 1952, akarudi, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa. Hatusemi kila atakayebeba boksi atakuwa Nyerere. Tunasema watu hawa wawili waliishi nje wakiwa na nguvu zao, wakarudi nazo.

Tulichofaidi

Mkituuliza tulichofaidi, wengi mnangoja tutaje fedha. Fedha zipo na tunamshukuru Mungu. Kuna mapaa ya bati hapa yaliyotoka Muscat, na kuna watoto waliosomeshwa na mshahara wa kuosha vyombo. Lakini fedha ndicho kitu cha kwanza kuisha. Tutaje vilivyobaki.

Mmoja wetu alifanya kazi miaka minne kwa mfanyabiashara wa samaki katika soko la Mutrah, Oman. Alikwenda akijidai anajua samaki, maana ni mtoto wa mvuvi, mjukuu wa mvuvi. Siku ya kwanza akaona nguru akitolewa baharini na kulazwa kwenye barafu ndani ya chombo, kabla hajafa vizuri. Akakumbuka huku kwetu: nguru yuko sakafuni mwa mashua, amefunikwa gunia bichi, jua linapanda. Tukifika pwani mchuuzi anatazama jicho la samaki, anabonyeza tumbo, anataja bei anayotaka yeye, na sisi tunakubali kwa kuwa baada ya saa mbili hatutapata hata hiyo. Mwenzetu alielewa kwamba miaka yote hiyo kilichokuwa kikimfanya baba yake auze kwa bei ya chini kilikuwa kukosa barafu. Leo amerudi. Anakwenda baharini na sanduku la barafu, na mchuuzi akitaja bei asiyoitaka, anamwambia nenda salama, kesho pia samaki atakuwa mzima. Wavuvi wengine wanne wameshamwiga. Jambo hilo halikuletwa na mradi wala semina.

Dada yetu mwingine alitunza wazee Uingereza. Kule kila kitu huandikwa: mzee amekula nini, amekunywa dawa saa ngapi, nani alimpa. Mwanzoni aliona ni usumbufu. Aliporudi likizo akachukua daftari la kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kile kilichokuwa kinagombana kila mwezi, akawapangia safu: jina, tarehe, kiasi, sahihi. Ugomvi ukapungua. Lakini alituambia jambo jingine pia. Aliona wazee wenye watoto watatu, wanne, wanaokaa dirishani kutazama kama kuna atakayekuja Jumapili. Anasema kule ndiko alikoelewa thamani ya bibi yake kufia mikononi mwa wajukuu. Hiyo nayo ni faida. Kuna mambo ya kwetu ambayo hatukuyaona kuwa mazuri mpaka tulipoyakosa.

Wanaume tuseme na letu. Tumetoka katika nyumba ambazo mtoto wa kiume hakai kwenye mbuzi akakuna nazi. Tulifika kule, mama hayupo, dada hayupo, na hoteli ina bei. Tukajifunza kupika, kufua na kulipa pango kwa tarehe. Tukajua saa moja na nusu ni saa moja na nusu, na ukifika saa mbili kasoro robo siku yako imekatwa. Wake zetu ndio mashahidi kama elimu hiyo imesaidia.

Na lugha. Tuliondoka hapa tukidhani Kiswahili ni kitu cha nyumbani, hakina soko. Tukafika Muscat, mwenye duka anatujibu kwa Kiunguja safi, kwa sababu wazazi wake walikaa Zanzibar. Tukakutana na Wakongo, Warundi na Wakomoro, tukaelewana. Wa Ulaya wakasikia kwamba Kiswahili hufundishwa katika vyuo vya Ujerumani tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwamba Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kukifundisha. Tangu mwaka 2021 UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Shaaban Robert alizaliwa hapa jirani, Vibambani, Machui. Ilibidi twende mbali ndipo tujue kwamba lugha ya jirani yetu watu huilipia ada.

Magofu vilevile. Utotoni pale palikuwa mahali pa kuchezea kibe na kufukuzia mbuzi. Tulipokuwa nje tulipanga foleni na kulipa kiingilio kuona mawe ambayo umri wake ni mdogo kuliko wa mawe yetu. Tangu hapo hatuwezi kupita pale njiani kama tulivyokuwa tunapita.

Tulichopoteza

Tusingekuwa waaminifu kama tungeishia hapo. Mama yetu hakuuliza juu ya faida tu.

Kijana mmoja wa hapa, ambaye ametupa ruhusa ya kusema bila kumtaja, alimwamini dalali. Familia iliuza mashua. Aliahidiwa kazi ya dukani. Alipofika pasipoti yake ilichukuliwa, kazi ikawa ya kuchunga mifugo jangwani, na mshahara ukawa nusu ya ulioahidiwa. Hakuwa na nakala ya mkataba, na hata angekuwa nayo asingeweza kuusoma. Alirudi baada ya mwaka na miezi mitatu akiwa na mkoba wa mgongoni. Alishuka garini usiku kwa makusudi, ili asionekane.

Dada yetu mmoja aliyefanya kazi za ndani Ghuba alikaa miezi 14 bila siku ya mapumziko. Katika nchi nyingi za kule, kibali cha mfanyakazi huwa kimefungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemleta, na kumwacha mwajiri bila ruhusa huweza kukugeuza mkosaji. Yeye hakulijua hilo alipopanda ndege. Hakuna aliyemwambia, na sisi tuliokuwa tunajua hatukumtafuta.

Na wawili wetu tumezikiwa mama zetu tukiwa hatupo. Mmoja alitazama mazishi kwa simu ya jirani, mtandao ukakatika kabla ya udongo. Hatuna la kuongeza juu ya hilo.

Wapo pia waliokwenda na hawakurudi, si kwa kufa. Mwaka wa kwanza simu kila Ijumaa, mwaka wa tano salamu za Idi, mwaka wa kumi namba haipatikani. Nyumba zao mnazijua, zile ambazo makuti yameoza na mlango umefungwa kwa kamba. Huo ndio utongo wenyewe.

Swali letu la kijiweni

Tukubali na kosa letu sote. Kijana akirudi kutoka nje, tunamuuliza swali moja: "Umetuletea nini?" Tunaliuliza kijiweni, tunaliuliza msikitini baada ya sala, tunaliuliza tukicheka. Yule aliyeshuka usiku alikaa ndani siku tisa kwa kuliogopa swali hilo. Na wapo wenzetu huko nje ambao hawarudi kwa sababu hiyo tu. Hawajaukataa Tongoni. Wanangoja wapate cha kutosha kujibu, na cha kutosha hakifiki.

Lakini kijana yule wa jangwani, tulipokaa naye, tuligundua anajua Kiarabu cha kuongea na cha kusoma kidogo. Anajua kutibu mbuzi. Anajua mitego ya madalali kuliko mtu yeyote kata hii. Mwaka huu peke yake amewazuia vijana wawili kusaini karatasi wasizozielewa, na mmoja wao ni mtoto wa yule mama aliyeuliza swali. Tulipomuuliza ameleta nini, tulikuwa tunatazama mkoba wake.

Tunapendekeza swali libadilike. Tumuulize aliyerudi: "Umejifunza nini, na utatufundisha lini?"

Jibu letu kwa mama

Mama, jibu letu ni kwamba aende, kwa masharti manne.

Sharti la kwanza, aende na ufundi. Anayejua kuchomelea, kufunga umeme, kupika au kuendesha mitambo hupangiwa kazi kwa anachokijua. Asiyejua kitu hupangiwa kwa alivyo na nguvu. VETA ipo Tanga mjini, nauli ya kwenda na kurudi tunaijua.

Sharti la pili, aende na karatasi zake. Pasipoti yake, mkataba uliosomwa na mtu anayeelewa, nakala moja ibaki kwa wazazi. Wakala anayetafuta watu wa kazi za nje sharti awe amesajiliwa na serikali, na mahali pa kuuliza ni TaESA, yaani Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania. Dalali anayekwambia usiulize, mkimbie. Kuzamia, kwa meli au kwa njia za porini, tusikusikie tena hapa. Bahari tunaijua sisi, haina rafiki.

Sharti la tatu, awe na msimu. Wazee walikuwa na kaskazi ya kuwarudisha. Ndege haina kaskazi, kwa hiyo kila mmoja ajipangie ya kwake kabla hajaondoka: miaka mitatu, minne, mitano, na aitamke mbele ya wazazi. Akiongeza, aongeze kwa kuwaambia. Akiamua kubaki kabisa, hatumlaani, ila ajue kwamba sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na afanye uamuzi huo macho yakiwa wazi.

Sharti la nne, awe na mtu wa kumpigia. Kila nchi tuliyopo tuko tayari kutoa mtu mmoja wa kumpokea kijana wa Tongoni, kumweleza sheria za pale, na kumwambia ukweli.

Na si lazima iwe mbali. Nje ya nchi huanzia Horohoro. Mmoja wetu alikaa Mombasa miaka mitatu akijifunza kutengeneza injini za boti, na leo ndiye anayezitengeneza za wavuvi wetu. Tangu mwaka 2010 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina soko la pamoja. Taratibu za vibali bado zipo na zifuatwe, lakini Nairobi au Kampala inaweza kumfundisha kijana kujitegemea kwa nauli ya basi.

Tunachoomba

Ndugu wanachama, mwaka huu tunaomba mchango wenu kwa ajili ya mfuko wa kuwatayarisha vijana wanaotaka kwenda kuishi na kufanya kazi au kusoma nje. Tumependekeza tuanze na vijana sita, wa kike watatu na wa kiume watatu. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, kwa hiyo pasipoti za vijana sita ni shilingi 900,000. Juu yake kuna ada ya mafunzo ya ufundi, masomo ya lugha ya jioni, na nauli ya kwenda kuhakikisha mikataba. Yule ndugu yetu wa jangwani amekubali kufundisha Kiarabu cha kazini bila malipo, jioni mbili kwa wiki.

Kijana atakayesaidiwa atatia sahihi mbele ya wazazi wake na Mwenyekiti kwamba akirudi atafundisha alichojifunza, kwa vijana wasiopungua wawili, au akibaki nje atamsomesha mmoja. Hatutamdai fedha. Tutamdai elimu.

Sisi tuliokwenda tumeshajiandikisha kuchangia, kila mmoja kwa uwezo wake, na orodha yetu iko kwa Mweka Hazina. Kadi za ahadi zimewekwa katikati ya kijitabu hiki. Asiye na fedha leo anaweza kuahidi nazi, samaki au siku ya kazi, vyote vitauzwa na kuandikwa. Daftari lina safu: jina, tarehe, kiasi, sahihi. Mnamjua aliyelipanga.

Wazee wa baharini husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumekwenda tezi, tumekwenda omo, na tumeuona ulimwengu kiasi chetu. Tunawaomba mtusaidie ili watoto wa hapa nao waende, na wakirudi, mchana au usiku, wakute taa imewashwa na mlango uko wazi.